Miaka mitatu ya kesi ya asbestosi Uingereza inaanzia siku gani?

Wengi hunijia wameshakata tamaa: "Kiwandani niliondoka 1978, nani atanisikiliza leo?" Utasikilizwa. Kwa England na Wales, hesabu haianzi siku uliyovuta vumbi la asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto. Sheria ya ukomo ya 1980, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, inakupa miaka mitatu tangu siku uliyojua. Hilo lilipiganiwa: wafua vyuma wa Sheffield walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe walishindwa kesi mwaka 1963 kwa sababu muda ulishapita kabla hawajajua wanaumwa. Bunge likabadili sheria mwaka uleule.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe uliyojua. Lazima uwe umejua kwamba unaumwa ugonjwa wa maana, kwamba huenda umetokana na vumbi la kazini, na kwamba mwajiri wako alikuwa nani. Kutojua kuwa sheria inakuruhusu kudai hakusimamishi hesabu.

Panga barua zote za hospitali kwa tarehe. Mzee mmoja alinionyesha barua ya Machi iliyothibitisha mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, akasema ndiyo ya kwanza. Ndani ya bahasha ileile mlikuwa na nyingine, ya miezi saba nyuma: daktari wa kifua ameona maji pembeni ya pafu, na amemweleza mgonjwa kwamba anashuku asbestosi. Tulihesabu kuanzia hiyo. Nawe fanya hivyo. Shika tarehe ya mapema zaidi.

Hatua ya 2: Ungepaswa kujua lini? Ukiambiwa kapige picha ya kifua ukakaa nyumbani, mahakama yaweza kuhesabu kana kwamba ulikwenda.

Hatua ya 3: Fungua shauri lenyewe. Kuandikiana na bima ya mwajiri hakusimamishi muda. Hati ya madai iwe imetolewa na mahakama kabla miaka mitatu haijaisha. Hapa ndipo watu huumia bure.

Hatua ya 4: Mgonjwa akifariki muda haujaisha, familia hupata miaka mitatu mingine, tangu kifo au tangu msimamizi wa mirathi alipojua, ipi iliyo ya baadaye.

Umechelewa? Kifungu cha 33 cha sheria ileile ya 1980 kinampa jaji uwezo wa kukuruhusu. Atauliza kwa nini ulikawia, na kama ushahidi bado upo. Kwa hiyo andika leo majina ya uliofanya nao kazi, na nani kati yao yu hai.