Jinsi ya kuwafunza watelezaji watatu kusukumana: mbio za kufukuzana za timu kwa magurudumu, hapa Tanga

Tanga hakuna uwanja wa barafu. Lami ipo, vijana wenye viatu vya magurudumu wapo, na sehemu kubwa ya mbio za kufukuzana za timu inafundishika juu ya lami: kufuatana, kujikinga upepo, kusukumana na kufika pamoja. Nimeandika haya baada ya kuwasaidia vijana watatu wa Ngamiani. Mmoja mmoja walikuwa wanateleza vizuri sana, lakini ukiwaweka pamoja walikuwa wazito kuliko yule wa mwisho wao akiwa peke yake. Kama bado hujajua kusimama, kufunga breki na kukata kona kwa kuvusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, anzia huko kwanza. Hapa sitayarudia.

Hatua ya 1: Jua saa inasimama kwa nani

Kwenye barafu zinaingia timu mbili, kila moja ina watu watatu. Timu moja inaanzia katikati ya upande ulionyooka, nyingine katikati ya upande wa pili, kwa hiyo zinafukuzana bila kukutana. Wanaume huzunguka mara 8, wanawake mara 6, kwenye uwanja wa mita 400, na wote wanatumia njia ya ndani. Saa haisimami wa kwanza akifika. Inasimama makali ya kiatu cha mtu wa tatu yanapogusa mstari.

Kila kitu kwenye mbio hizi kinatoka kwenye kanuni hiyo moja, na kocha asiyeishika atapoteza miezi. Mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki mwaka 2006 kule Turin. Katika nusu fainali ya wanaume, Sven Kramer wa Uholanzi alikanyaga kipande cha kuwekea alama ya njia, akaanguka, na Waitaliano wakapita hadi kuchukua dhahabu. Mwaka 2022 kule Beijing, fainali ya wanawake, Wajapani walikuwa mbele hadi kona ya mwisho kabisa. Nana Takagi, aliyekuwa nyuma, akaanguka, dhahabu ikaenda Kanada. Wenzake wawili walikuwa wameshanyoosha kwenda kwenye mstari, lakini wawili hawahesabiwi.

Waonyeshe vijana wako video za mbio hizo mbili kabla hawajavaa viatu.

Hatua ya 2: Vifaa

Viatu viwe vya magurudumu yaliyopangwa safu moja. Vile vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma havifai kwa kazi hii, hata kama ni vya bei nafuu na vinapatikana kwa urahisi kwenye mitumba, kwa sababu mguu hauwezi kusukuma kwa pembe inayotakiwa. Mimi napendelea magurudumu ya milimita 100 au 110. Madogo kuliko hayo yanasumbuka kwenye lami yenye kokoto. Beringi zioshwe na kutiwa mafuta mara kwa mara, maana hewa ya chumvi ya hapa kwetu inazila haraka.

Helmeti, glavu na pedi za magoti ni lazima kwa wote watatu. Akikosa mmoja, siku hiyo hakuna kusukumana.

Vijana wataona kwenye barafu viatu ambavyo kisigino kinaachana na makali, na watavitaka. Bawaba iliyopo mbele inaruhusu makali yabaki kwenye barafu muda mrefu zaidi mguu unapomalizia kusukuma. Viatu hivyo vilienea msimu wa 1996/97, na kufikia Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 vilikuwa vimeshabadilisha mchezo wote. Kwa mafunzo haya havina ulazima. Pesa hiyo nunulieni magurudumu.

Hatua ya 3: Chora uwanja

Tafuteni eneo la lami au zege lisilo na magari, kama maegesho ya malori siku ya Jumapili, na muombe ruhusa kwa mwenye eneo. Barabara ya Raskazone asubuhi inafaa kwa kunyoosha miguu, lakini si kwa kona, na bodaboda hazitabiriki.

Chukua kamba ya mkonge ya mita 16. Mmoja asimame na ncha moja, mwingine azunguke na chaki kwenye ncha ya pili mpaka apate nusu duara. Fanyeni hivyo kila upande, kisha unganisheni nusu duara hizo kwa pande mbili za mita 50. Mtapata mzunguko unaokaribia mita 200. Mizunguko 16 ndiyo umbali wa wanaume. Mnazunguka kinyume cha mshale wa saa, kama kwenye barafu.

Fagieni kona kwa ufagio wa chelewa kila siku kabla ya kuanza, hasa baada ya mvua, maana maji yanaleta mchanga mwembamba usioonekana ukiwa umesimama. Pitisha kiganja juu ya lami. Kikirudi na vumbi, fagia tena. Na fanyeni mazoezi alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaanza. Msimu wa kusi, ukichelewa, upande mmoja wa uwanja mtakuwa mnapigana na upepo na upande wa pili mnabebwa, na hamtajua kama kasi ni yenu au si yenu.

Hatua ya 4: Panga watu kuanzia nyuma

Makocha wengi wanaanza na swali la nani akae mbele. Mimi naanza na wa tatu. Wa tatu awe mwenye mikono tulivu na pumzi ndefu, kwa sababu atasukuma na bado atatakiwa kufika. Wa katikati ni yule ambaye kwa sasa ana nguvu kidogo kuliko wenzake. Hapo anakingwa upepo na anasukumwa. Wa mbele ni mtu mwenye mwendo usiobadilika. Nimeshaona kijana mwenye kasi kubwa sana akiharibu timu akiwekwa mbele kwa sababu kila akitoka kwenye kona anaongeza, na nyuma yake panafunguka pengo. Mpe nafasi ya mbele yule ambaye mzunguko wake wa tano unafanana na wa pili.

Hatua ya 5: Mguu mmoja

Wote watatu wasukume mguu wa kushoto kwa pamoja na wa kulia kwa pamoja. Wa mbele ahesabu kwa sauti. Wa nyuma waangalie kiuno cha aliye mbele yao, wasiangalie miguu. Wakishaacha kuhitaji sauti, endeleeni.

Hatua ya 6: Kusukuma

Hapa ndipo muda mwingi unakwenda, kwa hiyo someni taratibu.

Kwa miaka mingi timu zilikuwa zinabadilishana. Wa mbele anakata upepo, kisha kwenye kona anajitoa nje, wenzake wanapita ndani, naye anaingia nyuma. Kila akijitoa anatembea njia ndefu zaidi, na mstari unatikisika. Wamarekani wakaja na njia nyingine: wa mbele anabaki mbele mbio nzima, na walio nyuma wanamsukuma kwa mikono ili nguvu yao imfikie yeye anayekula upepo. Desemba 2021 kule Salt Lake City waliweka rekodi ya dunia ya 3:34.47 kwa njia hiyo. Uwanja ule uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo usiulinganishe na viwanja vya chini. Lakini hata Beijing, iliyo chini, walipata shaba miezi michache baadaye, na timu nyingine zikaanza kusukumana pia.

"Kocha, sasa yule wa mbele si atachoka peke yake?" kijana mmoja aliniuliza. Atachoka, ndiyo, lakini mikono miwili ya wenzake ipo mgongoni mwake. Upepo anaupokea yeye, nguvu ya kuupasua inatoka kwa watatu.

Sasa mkono wenyewe. Kiganja kikae chini ya kiuno, pale mfupa wa mgongo unapoishia, vidole vikiwa vimefunguka. Kisikae begani, kwa sababu kusukuma bega kunamwinua mtu na mtu aliyeinuka anashika upepo. Kisikae ubavuni, kwa sababu kunamzungusha. Na asishike shati hata siku moja. Anayeshika shati anavuta bila kujua, na kwenye kuanguka wanakwenda wote.

Namna ya kuhakikisha ni hii, na sijapata iliyo bora zaidi. Mpake msukumaji chaki kwenye kiganja, wa mbele avae fulana ya rangi iliyokoza. Wazunguke mara nne, kisha mwangalie mgongo wa wa mbele. Mkono mzuri unaacha alama moja nzito katikati, na vidole vinaonekana. Mkono unaopapasa unaacha ukungu wa chaki mgongo mzima. Alama ikiwa imeburutwa kwenda kulia, msukumaji anasukuma kwa pembe, na mara nyingi ukimtazama utakuta anateleza nje kidogo ya mstari wa mwenzake ili aone mbele. Mrudishe nyuma kabisa. Akubali kutoona.

Baada ya mahali, wakati. Usisukume mwenzako akiwa katikati ya kutelezea mguu mmoja. Hapo uzito wake umekaa juu ya gurudumu jembamba na utamtoa kwenye mizani. Msukume pale mguu wake unapomaliza kusukuma na uzito unahamia upande wa pili. Kwa macho, ni pale kiuno kinapopita katikati. Ndiyo maana Hatua ya 5 inatangulia: kama miguu yenu haifanani, hakuna wakati sahihi wa kusukuma utakaoupata.

Kisha namna. Kiwiko kikunjwe kidogo na kibaki hivyo. Mkono ulionyooka unapeleka kila mtikisiko wa lami kwa mwenzako, na mkono uliokunjwa sana hauna nguvu. Usipige. Egemeza, ongeza, punguza, lakini kiganja kisiondoke. Kiganja kinachoondoka na kurudi kinamshtua wa mbele kila mara, na atakaza mgongo akisubiri. Fulana zikilowa jasho kiganja kinateleza, na kwa unyevu wa hapa zitalowa mapema, kwa hiyo msukumaji avae glavu zenye mpira kiganjani.

Na wa mbele ana kazi yake, ambayo wengi wanaisahau. Akisukumwa, asiongeze. Mwili unataka kukimbia ukisukumwa, na akikimbia anaacha mkono hewani na pengo linarudi. Abaki na mwendo uleule, aache nguvu ya nyuma impunguzie kazi. Ishara kwamba wamepatana ni pumzi yake: mwendo haujabadilika, lakini anaweza kusema sentensi nzima.

Fundisha kwa utaratibu huu. Kwanza watembee kwa miguu, wamevaa kandambili, mkono kiunoni, mpaka wapatane. Pili, wa mbele asimame wima bila kusukuma miguu, wa nyuma amsukume upande ulionyooka tu. Tatu, wawili wateleze kikamilifu upande ulionyooka na kuachana kabla ya kona. Nne, mkono ubaki kwenye kona kwa kugusa tu. Tano, waongezwe watatu. Usiruke hata moja. Kwenye kona, wanaoanza wasisukume kabisa, hasa pale wanapoingia, kwa sababu wa mbele anavusha mguu na mguso mdogo wa pembeni unatosha kumpeleka chini. Nguvu irudi wakiwa wanatoka kwenye kona na mabega yameshanyooka.

Kama baada ya haya yote wa tatu bado anaachwa, usimwambie ajitahidi. Punguza mwendo wa mbele.

Hatua ya 7: Kubadilishana, kama mnaihitaji

Kama watatu wenu wanalingana kabisa na wa mbele hawezi kumaliza, fanyeni badiliko moja tu, katikati ya mbio, mkiingia kwenye kona. Wa mbele anapanda nje, wawili wanashika ndani bila kuongeza mwendo, naye anashuka nyuma yao. Uholanzi walichukua dhahabu Sochi mwaka 2014 kwa 3:37.71 wakiwa na watu kama Kramer, Jan Blokhuijsen na Koen Verweij, na njia ya zamani haikuwazuia. Lakini inataka watu wa aina hiyo. Mimi siifundishi kwanza.

Hatua ya 8: Pima mwendo

Anayeshika saa asimame kwenye mstari na asome muda wa wa tatu kila mzunguko. Aandike kwenye daftari. Kwenye barafu, wanaume wa kiwango cha juu wanazunguka mita 400 kwa sekunde 26 au 27, na mzunguko wa kuanzia huwa mrefu zaidi kwa sababu wanaondoka wakiwa wamesimama. Kinachotafutwa ni namba zinazofanana kuanzia mzunguko wa pili hadi wa mwisho. Mkiona namba inapanda polepole, mlianza kwa haraka. Ikipanda ghafla kwenye mzunguko mmoja, kuna mkono ulioachia. Muulize wa katikati, yeye ndiye anayejua.

Hatua ya 9: Mstari wa mwisho

Kwenye upande ulionyooka wa mwisho, wa mbele asikimbilie mstari. Aendelee na mwendo uleule, wa katikati aegemee kidogo nje, na wa tatu atupe mguu mbele huku gurudumu likiwa bado chini. Wakishavuka, wasifunge breki. Waachie wateleze nusu mzunguko mkono ukiwa bado kiunoni, kisha waachane kwa zamu kuanzia nyuma. Wa tatu ndiye wa kwanza kutoka.