Namna ya kumpenda Yesu mpaka kwenye hela (kwa sisi wa Moshi na Arusha)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nao nawasalimu. Leo tuongee hela, maana huku kwetu mtu anaweza kuimba kwaya miaka na miaka, anafunga, anakesha, ila ukitaka kumjua vizuri mpe ashike hela ya watu.

Fungua Yohana 12 usome mstari wa 1 mpaka wa 8, taratibu, usikimbie. Ni siku 6 kabla ya Pasaka, Bethania, Martha anahudumia, Lazaro yuko mezani, Mariamu anakuja na ratli ya nardo safi, manukato ya bei kubwa, anampaka Yesu miguu afu anaifuta kwa nywele zake. Yuda papo hapo keshapiga hesabu, dinari 300! Dinari 1 ndo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, iko Mathayo 20, kwahiyo hapo ni kama jasho la mwaka mzima limemwagwa miguuni. Sasa sikiliza Yuda anavyoongea, hasemi nipeni mimi, anasema si bora ingeuzwa wakapewa maskini. Maneno mazuri kabisa, ungeyasikia kwenye kikao chochote cha kamati ya fedha ungepiga makofi. Ila Yohana anatoboa kwamba jamaa alikuwa mwizi na ndiye aliyeshika mfuko. Yaani mpigaji.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuzikagua zile sababu zako nzuri. "Nasomesha", "namalizia nyumba ya mama kijijini kwanza", "mchungaji mwenyewe ana gari". Zingine ni za kweli jamani, ada ni ada. Kipimo chake ni rahisi, ile hela uliyosema bora umpe mgonjwa kuliko kutoa kanisani, mgonjwa aliipata? Kama bado, shika simu umtumie leo kabla jua halijazama. Na usijifiche kwenye lile neno "maskini mnao siku zote", Yesu alikuwa anagusa Kumbukumbu la Torati 15:11, nenda kaone mstari unavyoendelea, unaamuru umfumbulie mkono ndugu yako maskini.

La pili ni mfuko wenyewe na hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapoangukia. Chukulia wewe ni gaidi wa mlimani, yaani yule anayeongoza wageni Kilimanjaro, mmeshuka geti la Mweka, wageni wamechoka wana furaha, wanakukabidhi bahasha ya tipu ya timu nzima. Wagumu, yaani wapagazi, wamekaa pembeni kwenye majani wanavua mabuti, hao ndo waliobeba kilo 20 kila mmoja mpaka kambi ya juu, na hakuna anayejua kilichomo isipokuwa wewe na mgeni. Hapo ndo ibada yako ilipo. Usisubiri roho ikushinde, mwombe mgeni kabla hajatoa kitu ataje kiasi kwa sauti timu yote ikisikia, afu hesabu mbele yao, gawa palepale, usiseme tutaonana mjini. Fundi au dalali unayetumwa kununua mchanga wa kanisa, ile "cha juu" unayoweka hata kama ni ndogo na kila mtu anaweka, leta risiti ya bei uliyonunulia. Na mhazini wa kikoba usinune ukiambiwa sanduku lina makufuli 3 na funguo kila moja iko kwa mtu wake, shukuru, yanakulinda wewe.

Ila haya yote yatakuchosha kama humpendi mwenyewe Bwana. Mariamu kabla ya nardo tunamkuta Luka 10 amekaa tu miguuni anasikiliza, hajaleta chochote. Kwahiyo amka kabla ya daladala, kabla hujagusa simu, kaa na neno hata sura moja, bila kuomba biashara ifunguke. Kuna watu wanatoa sadaka kama mtaji, natoa elfu kumi nirudishiwe laki, mi naona hiyo nayo ni tamaa tu, imepelekwa madhabahuni.

Sikukuu ya mavuno ni sehemu nzuri ya kujipima. Ibada imeisha, mnada uko nje, jogoo kafungwa miguu, mzee wa kanisa anamnyanyua juu, watu wanapandishiana dau wakicheka mpaka jogoo anafikia bei ya mbuzi. Mi sina shida na mnada, hata Mariamu alitoa mbele za watu na nyumba nzima ikajaa harufu. Jiulize tu, dau hili napandisha kwa sababu ya Bwana au kwa sababu ya yule aliyetoka Dar na gari jipya? Ukiona ni la pili, nyamaza, muachie jogoo wake, kiasi kilekile katie kwenye bahasha bila jina.

Mwisho kuna kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, na hapa wengi watanikasirikia. Kwenye Luka 12 mtu alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, akajibiwa "jilindeni na choyo". Hakuambiwa nani ana haki! Desemba tunapanda wote nyumbani, Marangu, Kibosho, Rombo, na kila mwaka kuna ndugu hawasalimiani kwa sababu ya hatua mbili za mgomba. Kama haki ni yako kweli na huna njaa, usisubiri kikao cha ukoo. Chuma jani la sale pale pale mpakani, lile ambalo kwa Wachagga ni alama ya kuombana amani, nenda nalo kwa kaka yako asubuhi kabla watu hawajajaa, mwambie kaka hizo hatua chukua, afu kaeni mnywe chai.