Neno refu la Kijerumani lisome kutoka nyuma

Kama unasoma Kijerumani hapa Nairobi, hasa nyinyi manasi mnatafuta B2 (kiwango cha lugha) ndio muende kazi Ujerumani, usikubali neno refu likutoe jasho kwa mtihani. Enda mwisho wake kwanza.

Chukua Krankenversicherungskarte. Mwisho kuna Karte, kadi. Kadi ya nini? Versicherung, bima. Ya kina nani? Kranken, wagonjwa. Basi hio ni kadi ya bima ya matibabu. Sisi tunataja kadi alafu tunaeleza ni ya nini, wao wanaeleza weee ndio wafike kwa kadi, na hicho kipande cha mwisho ndicho kinaamua der, die ama das (vijineno vya mbele vya kuonyesha jinsia ya nomino) na pia wingi wa neno lote. Haus ni das, lakini Haustür, mlango wa nyumba, ni die juu Tür ni die. Ukigeuza vipande, maana pia inageuka: Kartenspiel ni mchezo wa karata, Spielkarte ni karata yenyewe.

Penye watu hukwama ni gundi ya katikati, ile herufi ya kuunganisha vipande. Kipande cha mbele kikiisha na -ung, -heit, -keit, -schaft, -tät ama -ion weka s, ndio maana tumepata Versicherungskarte. Nomino za die zenye kuisha na e mara nyingi huchukua n, kama Sonne na Brille kuwa Sonnenbrille, miwani ya jua. Kitenzi kawaida hukatwa mkia wa -en: schlafen (kulala) na Zimmer (chumba), unapata Schlafzimmer. Zingine ni kushika tu, na hizi mbili zishike na s yake leo juu utakutana nazo kwa makaratasi ya safari: Arbeitsvertrag, mkataba wa kazi, na Geburtsurkunde, cheti cha kuzaliwa. Ukiwa na shaka angalia kamusi ya Duden kwa mtandao, ni bure.

Ukitamka, kaza kipande cha kwanza: HAUStür.

Hata Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63, sheria ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern kuhusu nani asimamie lebo za nyama ya ng'ombe, iliyofutwa 2013, inaisha na Gesetz, sheria. Das Gesetz, kwa hivyo zote 63 ni das.

Alafu unda zako, lugha inakuruhusu. Haltestelle ni kituo cha gari, kwa hivyo ukiandika barua kuhusu mtaa wako weka die Matatu-Haltestelle, na hako kamstari kanasaidia Mjerumani aone neno geni linaishia wapi.