Somo: Kulinganisha mishale na upinde wa mti mmoja

Ninaandika somo hili ili nisirudie tena jibu lilelile. Kila baada ya siku chache mtu huniletea mishale iliyonyooka, yenye manyoya safi na vyembe (ncha za mshale) vikali, kisha hulalamika kwamba haiendi anakolenga. Mara nyingi mishale ni mizima na upinde ni mzima, ila havikuoana.

Upinde ninaouzungumzia hapa umechongwa kwa mti mmoja na hauna kidaka cha kulazia mshale, hivyo mshale hulala juu ya ngumi iliyoshika upinde, kama walivyozoea Wakamba na Wahadza. Wangu una nguvu ya ratili 40, yaani kama kilo 18, ukivutwa inchi 28, ambazo ni sentimita 71. Maelezo yote ni ya mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Anayevuta kwa mkono wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya kwanza. Funga ugwe, yaani kamba ya upinde, hakikisha kuna sentimita 15 au 16 kati yake na mshikio, na usiubadilishe tena hadi umalize kazi yote.

Hatua ya pili. Pima ukakamavu wa mawano, yaani vijiti vya mishale. Pigilia misumari miwili iliyoachana sentimita 66, lalia wano juu yake, tundika katikati uzito wa gramu 907 (chupa ya maji iliyopimwa kwa mizani ya dukani inatosha), kisha pima limebonyea sentimita ngapi. Gawanya 66 kwa kipimo hicho, nawe utapata ukakamavu kwa ratili. Kwa kuwa mshale wetu hauna budi kuzunguka unene wote wa mshikio, wano linatakiwa liwe legevu kuliko nguvu ya upinde kwa ratili 5 hadi 10. Kwa upinde wangu natafuta yanayobonyea kati ya sentimita 1.9 na 2.2. Mianzi haibonyei sawa pande zote, kwa hiyo zungusha wano, tafuta upande ulio mkakamavu zaidi, utie alama, na upande huo ndio utakaoegemea upinde.

Hatua ya tatu. Acha mawano yazidi mvuto wako kwa sentimita 8 au zaidi, na uyatie vyembe vya uzito mmoja, greni 125, yaani kama gramu 8.

Hatua ya nne. Funga uzi mwembamba kwenye ugwe, sentimita moja juu ya usawa wa ngumi, ili mkia wa mshale ukae chini ya uzi huo kila mara.

Hatua ya tano. Chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili mitupu, yaani isiyo na manyoya, simama hatua 10 mbele ya gunia lililoshindiliwa matambara, uipige yote kwa namna moja. Anza kwa kusoma juu na chini. Mshale mtupu ukiingia huku mkia umeinuka, shusha uzi kidogo. Ikiwa kuushusha kunazidisha kasoro, basi mkia ulikuwa chini mno na unadunda kwenye ngumi, kwa hiyo upandishe.

Hatua ya sita ndiyo iliyonigharimu. Kanuni inasema kwamba mshale mtupu ukiangukia kushoto kwa wenzake wenye manyoya, wano ni kakamavu mno, na ukiangukia kulia ni legevu mno. Ulio mlegevu hukatwa mbele kidogo kidogo, kwa kuwa wano fupi halipindi kwa urahisi; ulio mkakamavu huongezewa uzito wa chembe. Mwaka nilioanza, mishale yangu mitupu yote iliangukia kulia. Nikaona nimeshapata jibu, nikakata mawano 12 kwa jioni moja, sentimita 5 kila moja. Asubuhi iliyofuata iliangukia kulia zaidi, na kila nikiachia nilisikia mgongano mdogo, kama ukucha unaogonga meza. Sikujua kwamba mshale ulio mkakamavu kupita kiasi haupindi vya kutosha kuukwepa mshikio. Mkia wake hugonga ubavu wa upinde, hurushwa kushoto, na ncha huelekea kulia, ukajifanya mlegevu. Nilikuwa nimeikata mishale iliyohitaji kuachwa mirefu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa msumeno, paka unga wa chaki kwenye mkia wa mshale, uupige, kisha utazame ubavu wa mshikio. Ukiona chaki, usiamini unachosoma. Halafu badilisha chembe uweke kizito zaidi: mlegevu wa kweli utazidi kwenda kulia, na mlegevu wa uongo utarudi katikati. Ukishahakikisha kwamba ni mlegevu wa kweli, kata milimita 5 tu, upige tena, na ufanye hivyo kwa mshale mmoja hadi utulie ndipo uwakate wenzake. Usikate kamwe hadi ukawa chini ya sentimita 3 mbele ya ngumi, kwani mshale unaorudi nyuma ya ngumi ukivutwa unaweza kuutoboa mkono wako.

Hatua ya saba. Mishale iliyobaki mitupu ibandike manyoya matatu ya bawa la upande mmoja, yote ya kushoto au yote ya kulia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Babati: Mwalimu, nina upinde, ninunue mishale ipi?

Jibu: Umetaja upinde bila kutaja nguvu yake wala urefu wa mvuto wako. Soma hatua ya pili, kisha urudi na vipimo.

Mwanachama wa Voi: Mimi nilikata yote kwa pamoja na inaruka vizuri. Huoni unawatisha watu bure?

Jibu: Ndugu yangu, umebahatika. Mimi nilipoteza mawano 12, na ninaandikia wasiokuwa na bahati yako.

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo mwalimu. Mshale ukiwekwa ugweni unaelekeza ncha kushoto kwa shabaha. Inakuwaje basi unafika katikati?

Jibu: Marahaba, mwanangu, hilo ndilo swali lenyewe. Ugwe unaposukuma mkia, wano hupinda, hujiviringisha ubavuni mwa mshikio, kisha hupinda upande wa pili, na huendelea kuyumba hivyo angani kama samaki anayeogelea huku mwendo wake umenyooka. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman wa Marekani aliupiga mshale picha za kasi kubwa, na mipindo hiyo ikaonekana wazi. Ukakamavu unaofaa ni ule unaoufanya mkia upite ubavuni wakati wano limepinda kuuepuka.

Mwanachama wa Muscat: Manyoya yananichana kidole cha shahada kila nikipiga.

Jibu: Mbele ya kila unyoya zungushia uzi kwa mizunguko inayobanana, uupake gundi na uulainishe kwa kucha, kwani kinachochana ni ule mwanzo mgumu wa unyoya. Kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye kidole pia kinasaidia.

Mwanachama wa Babati: Ratili 35, mvuto wa inchi 27. Mianzi yangu imepinda kidogo; niitupe?

Jibu: Asante kwa vipimo. Tafuta mawano ya ratili 25 hadi 30, yaani yanayobonyea sentimita 2.2 hadi 2.6. Mianzi usiitupe. Ipashe juu ya makaa yasiyo na moto wa kuruka, ukiizungusha, kisha uikunje kupita kidogo pale unapotaka, uishikilie hadi ipoe. Wahadza hunyoosha mawano yao kwa moto na meno. Mimi hutumia ukingo wa meza. Ikishapoa, ikunje taratibu karibu na sikio, na ukisikia mlio wa kukatika, hiyo ndiyo uivunje uitupe, kwa sababu mwanzi wenye ufa hupasukia mkononi.

Mwanachama wa Voi: Kuhusu makaa, unapasha kwenye kifundo au kati ya vifundo?

Jibu: Anza kati ya vifundo, kisha umalizie kwenye kifundo, kwa kuwa hapo ukuta ni mnene na huchelewa kupata moto.