Kuipanga Time Flies ya Oasis kwenye flashi ya gari

Mimi ni fundi redio za magari hapa Moshi. Wateja wangu wengi wanataka Bongo Fleva, gospo na singeli. Akitokea mtu na CD ya Oasis, ile bendi ya roki ya Uingereza, namhudumia kwanza, wengine mnisamehe.

Time Flies ilitoka Juni 2010, mpiga gitaa na mtunzi wao mkuu Noel Gallagher akiwa ameshajitoa na bendi imevunjika. Ni CD mbili zenye singo 27 walizotoa Uingereza, kuanzia 1994 hadi 2009. Kinachoniudhi ni mpangilio: Wonderwall ya 1995, halafu Stop Crying Your Heart Out ya 2002, halafu unarudishwa 1994. Anayezijua hajali. Anayeanza azipange kwa miaka, ndipo atawasikia vijana wa Manchester wakianza na gitaa chafu la Supersonic, wakivimba vichwa, kisha wakitulia.

Zigeuze nyimbo ziwe MP3 kwenye kompyuta. Kila faili lianze na namba ya tarakimu mbili: 01 Supersonic, 02 Shakermaker, 03 Live Forever. Ukiandika 1, 2, 3 tupu, redio nyingi zitapiga ya 10 kabla ya ya 2. Formati flashi iwe kwenye mfumo wa faili wa FAT32, maana redio za bei nafuu mara nyingi hazisomi ule mwingine wa NTFS. Kisha nakili faili moja moja kwa kufuata namba. Usiziburute zote kwa mkupuo: kuna redio hazijali jina kabisa, zinapiga lililotangulia kuingia.

Whatever iwe ya tano, inafunga 1994. Haimo kwenye albamu yao yoyote ya studio, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kununua CD. Falling Down usiikate mapema, nyuma yake wameficha Sunday Morning Call. Hiyo Sunday Morning Call itenge iwe faili lake, uipeleke mwaka 2000 inakostahili.

Sasa safari ya Arusha. Zile tano za 1994 zinakusogeza hadi karibu na Bomang'ombe kama hukusimamishwa na trafiki. Ndefu za 1997 na 1998 zinafaa pale uwanda wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, barabara imenyooka: D'You Know What I Mean? inapita dakika saba, All Around the World inapita tisa na bado ilishika namba moja Uingereza. Hapo abiria wa siti ya nyuma ataanza kuuliza kama wimbo haujaisha tu. Mwambie avumilie, mbele kuna Songbird aliyoiandika Liam, mwimbaji wao na mdogo wake Noel, dakika mbili na ushee.

Kabla hujawasha, zima kitufe cha loud, kile cha kukuza besi, na ushushe treble kidogo. Nyimbo za 1995 zilishindiliwa sauti tangu studio, ukiongeza yako zinakwaruza. Spika za mlango zikianza kukwaruza kwenye Some Might Say, punguza sauti kwanza, ndipo unipigie simu.