Kufunga jenereta kwenye Coaster ya kulala

Coaster ya dizeli hugeuzwa vizuri kuwa gari la kulala: dari ni refu, chasisi ni ngumu na vipuri havisumbui. Ukishapanga vitanda, friji na kiyoyozi, kinachobaki ni umeme wa porini. Hapa tunafunga jenereta la kW 3 kwenye sanduku lililo chini ya sakafu, nje kabisa ya chumba. Mwenye Hiace au Fuso atafuata hatua hizi hizi na kubadilisha vipimo.

Tuanze na kinachoua. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo haitui sakafuni wala haikimbilii darini, bali hujaa chumba kizima. Ndiyo maana tundu la kidole kwenye sakafu juu ya jenereta ni kosa kubwa kuliko boliti iliyolegea.

Kuchagua jenereta

Jenereta la kubeba, lenye fremu wazi na tangi juu, usilifungie ndani ya sanduku. Limeundwa lipozwe na hewa ya pande zote. Ukilifungia, linavuta tena hewa ya moto liliyoitoa lenyewe, na petroli iliyo juu yake inaanza kutoa mvuke karibu kabisa na ekzosi. Kama ndilo ulilo nalo, liwashie nje, angalau mita 6 kutoka kwenye gari, moshi ukielekea mbali na madirisha na mahema ya jirani.

La kufunga ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya magari, linalovuta hewa upande mmoja na kuitolea upande mwingine. Tafuta la dizeli ili litumie tangi la gari. Ni zito, mara nyingi linapita kilo 100, lakini unaepuka kubeba petroli. Soma kibandiko kabla ya kulipa: kiwe na V 230 na Hz 50. Yaliyotumika kutoka Marekani huwa ya V 120 na Hz 60, na bei yake isikudanganye.

Piga hesabu ya mwinuko pia. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Nairobi, kW 3 zinakuwa kama 2.4, ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, zinabaki karibu 2.2. Kiyoyozi kinachotumia kW 1.5 huvuta mara tatu au zaidi pale kompresa inapoanza, kwa hiyo huko juu usiwashe birika la umeme kiyoyozi kikiwa kazini.

Fremu na sanduku

Mzigo ubebwe na chasisi, si na bati la bodi. Tengeneza fremu ya engo ya mm 40 × 40 × 4 na uifunge kwa boliti za M10 zenye alama 8.8, washa pana na loki nati. Toboa ubavu wa reli ya chasisi peke yake. Ukitoboa mdomo wake wa juu au wa chini, reli hupasuka kuanzia kwenye tundu hilo. Ikilazimu kuchomelea popote kwenye gari, chomoa kwanza betri. Jenereta lenyewe likae juu ya maunti zake za raba, na pande zote libaki na nafasi ya kutikisika bila kugusa ukuta.

Sanduku liwe la bati la zinki la geji 26 au nene zaidi. Upande unaopakana na chumba usiwe na mwanya wowote: kunja maungio, yapige ribiti, kisha ziba kwa silikoni inayostahimili moto. Kila kebo inayopita iwe na raba yake na izibwe pande zote mbili. Ukimaliza, fundi aingie chumbani usiku, mwenzake amulike tochi kali kutoka ndani ya sanduku. Mwanga ukionekana, hata mstari mwembamba kama unywele, moshi nao utapita.

Ukubwa wa matundu ya hewa hutolewa na mtengenezaji, nao huhesabiwa kama nafasi iliyo wazi. Fito za grili hula sehemu kubwa ya tundu. Zikiziba nusu, kata tundu mara mbili. Hewa ya moto ielekezwe chini, mbali na tundu la kuvutia, la sivyo jenereta litazimika kila adhuhuri na utadhani ni ubovu wa injini.

Mtungi wa gesi ya kupikia ukae kwenye kabati lake, upande wa pili wa gari. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutiririka chini, na chini ndiko jenereta liliko. Betri nayo isikae ndani ya sanduku hili.

Mafuta

Kosa linalojirudia ni kuunga tawi kwenye mpira unaopeleka dizeli kwenye injini ya gari. Jenereta na injini huvutana mafuta kupitia tawi hilo, hewa inaingia kwenye mfumo, na asubuhi gari haliwaki mpaka hewa hiyo itolewe. Jenereta lipewe bomba lake ndani ya tangi, pamoja na njia yake ya kurudisha mafuta. Bomba la kuvuta likatwe fupi, mdomo wake uishie pale ambapo tangi limebaki robo. Hapo jenereta litazima lenyewe na utabaki na mafuta ya kukutoa porini.

Tumia mpira wa dizeli wenye ukubwa aliotaja mtengenezaji, si mpira wa maji. Ufunge kwa klempu kila sentimita 30 hivi, na uupitishe mbali na ekzosi, kwa upande mwingine wa sanduku ikiwezekana. Weka filta yenye kitenga maji mahali mkono unapofika.

Ekzosi

Bomba lote liwe la chuma na lipite chini ya gari, lisiguse kabisa ndani ya chumba. Lining'inizwe kwa vishikio vya chuma, na libaki angalau mm 75 kutoka kwenye mbao, nyaya, matairi na mipira ya mafuta au breki. Pasipowezekana, weka kinga ya bati kati yao. Ncha yake ivuke ukingo wa bodi kwa sentimita 2 au 3. Ikiishia chini ya gari, moshi hujikusanya hapo na kupanda kupitia mlango. Isitokee chini ya dirisha linalofunguka, wala karibu na mlango au tundu la friji. Ncha iwe na kizuia cheche, na usiegeshe ekzosi juu ya nyasi kavu.

Umeme

kW 3 kwa V 230 ni ampea 13. Kebo ya mm² 2.5 inatosha kwa umbali wa ndani ya gari, ila iwe ya nyuzi nyingi. Waya mgumu wa nyumbani hukatika kwa mtetemo, kisha unapata moto kwenye maungio. Weka sakiti breka ya A 16 inayokata laini na nyutro kwa pamoja, ikifuatiwa na RCD ya mA 30, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja. Fremu ya jenereta iunganishwe na chasisi kwa waya wa kijani na njano wa mm² 6, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. RCD hugundua mkondo unaovujia kwenye bodi pale tu mkondo huo unapokuwa na njia ya kurudi kwenye jenereta. Nyutro ya jenereta isipounganishwa na fremu, mtu anaweza kuwa na mguu kwenye udongo mbichi, mkono kwenye bodi yenye hitilafu, na RCD ikakaa kimya hitilafu ya pili itakapotokea. Unganisha nyutro na fremu kwenye jenereta, kama mtengenezaji anaruhusu, na pale tu. Umeme wa kambini una muunganisho wake, kwa hiyo chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya jenereta na umeme wa kambi, iwe ya kubadilisha laini na nyutro zote mbili. Ikibadilisha laini peke yake, nyutro mbili hukutana na RCD ya kambi hukata kila mara.

Usiridhike na kubonyeza kitufe cha majaribio cha T kilicho kwenye RCD. Kitufe hicho kinaweza kukata hata waya wa ardhi ukiwa haupo. Chomeka kwenye soketi kipimaji chenye kitufe cha RCD, jenereta likiwa limewaka. Isipokata, muunganisho wako haupo.

Kebo ya stata iwe na fyuzi, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri.

Majaribio

Weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye alama EN 50291-2, toleo la magari na boti, kwenye usawa wa pua ya mtu aliyelala. Kiwango hicho kinakitaka kilie ndani ya dakika 3 gesi ikifika ppm 300, yaani sehemu 300 katika milioni ya hewa. Sensa huisha muda. Tarehe imeandikwa mgongoni.

Kwanza pima ekzosi ikiwa baridi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, washa, kisha ziba ncha kidogo kwa kitambaa kilicholowa. Povu likitoka, kaza au badilisha gaskiti. Ondoa kitambaa mara moja.

Baada ya hapo funga madirisha na milango, na pasiwe na mtu ndani. Washa jenereta kwa mzigo wa kW 2 kwa dakika 30, huku ukisoma namba za king'ora kupitia kioo. Rudia baada ya kugeuza gari ili upepo upige upande wa ekzosi. Namba inatakiwa ibaki 0 mara zote mbili. Ikipanda hata hadi 10, rudi kwenye tochi.

Hata baada ya kufaulu, zima jenereta kabla ya kulala na uache betri ziendeshe friji na taa.

Badilisha oili ya kwanza baada ya saa 20, au kama kitabu kinavyosema. Baada ya safari ya barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti, lala chini ya gari na spana: kaza boliti za fremu, kagua maunti, na upitishe mkono kwenye maungio ya ekzosi iliyopoa ukitafuta masizi meusi. Masizi nje ya ungio ni moshi uliovuja, na jenereta lisiwashwe mpaka ungio hilo litengenezwe.