Kumlisha samaki mwindaji kwa samaki hai: kutoka bwawa la tilapia hadi tangi lako la Bukavu

Kamongo, kambale au polipterasi (samaki mrefu mwenye safu ya mapezi madogo mgongoni) aliyevuliwa juzi mara nyingi hagusi kitu kisichotikisika. Hapo ndipo samaki hai anapohitajika, kwa wiki tatu au nne tu, mpaka mwindaji azoee chakula kilichokufa. Ukimfanya samaki hai awe mlo wa kila siku, ipo siku utauingiza ugonjwa tangini kwa mkono wako mwenyewe, maana anayemuua mwindaji mara nyingi si njaa, ni kile kilichokuja pamoja na chakula.

Hatua ya 1: Chagua samaki wa kuliwa

Sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wasahau kwa sasa. Wakitoka wavuni hufa papo hapo, na hata yule anayefika akihema magamba yake yamekwisha kupukutika. Watafaa baadaye, wakiwa wamekufa.

Kinachofaa ni vifaranga vya tilapia, sentimita 3 hadi 4, kutoka kwa wafugaji wa mabwawa ya Kabare au Walungu. Kipimo ni kichwa cha mwindaji: mgongo hadi tumbo la kifaranga usizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Vifaranga vya kambale viache. Miiba ya mapezi yao ya kifuani hujifunga ikiwa imesimama, na ikisimama kooni haishuki wala hairudi.

Samaki wa dhahabu na ndugu zake wa ukoo wa kapu wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huharibu vitamini B1. Mwindaji anayekula hao peke yao kwa miezi huanza kuogelea upande, kisha anashikwa na degedege. Kugandisha hakukiui kimeng'enya hicho. Wengi wa ukoo wa dagaa wanacho pia, na sambaza ni wa ukoo huo, kwa hiyo nao wachanganye na vyakula vingine.

Kabla ya kulipa, angalia beseni la muuzaji. Ukiona waliokufa chini, wanaojikuna ukutani, madoa meupe kama chembe za chumvi, au uzi mwekundu unaochungulia njia ya haja, usichague "walio wazima" kati yao. Acha beseni zima. Uzi ule ni minyoo, na kuwatibu samaki wa kuliwa kunakula pesa kuliko kununua wengine.

Hatua ya 2: Wasafirishe

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15. Hesabu za watu wa pwani hazifai huku. Kwenye bidoni la lita 20 lililokatwa juu, tia maji lita 7 na vifaranga 25, basi. Mwombe mfugaji asiwalishe tangu jana yake, wasichafue maji njiani. Safiri asubuhi. Barabara mbovu ina faida yake moja: mtikisiko wa pikipiki unaingiza hewa majini.

Hatua ya 3: Karantini

Ukiruka hatua hii, zilizobaki hazina maana. Andaa beseni la lita 60, kichujio cha sponji kilichokwisha kufanya kazi kwenye tangi lenye afya, pompi ya hewa, wavu na ndoo za peke yake. Wavu wa karantini haugusi tangi kubwa hata siku moja.

Maji ya robine yalaze wazi saa 24, klorini itoke. Maji ya Ziwa Kivu hayana klorini, lakini pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) ni karibu 9, na hapo kuna mtego. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Kwenye pH 7 karibu yote haina madhara, lakini kwenye pH 9 karibu theluthi yake ni sumu kamili. Beseni lililojaa vifaranga na maji ya ziwa linaweza kufa lote usiku mmoja bila ugonjwa wowote. Ukitumia maji hayo, punguza vifaranga hadi 15, ubadilishe lita 20 kila siku. Wale wa mabwawa ya milimani wazoeshe polepole: kikombe kimoja cha maji mapya kila dakika 5, kwa saa nzima.

Chumvi isiyo na iodini, gramu 3 kwa lita: kwa lita 60 ni gramu 180. Igawe mara tatu, gramu 60 kila baada ya saa 12. Pima kwa mizani. Kijiko kinadanganya, maana chumvi ya mawe na ya unga hazijazi sawa. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya zile lita ulizotoa tu.

Muda ni siku 28, ukihesabu tangu kifo au doa la mwisho. Mdudu wa madoa meupe, kwenye maji ya nyuzi 25, humaliza mzunguko wake ndani ya wiki. Kwenye nyuzi 20, ambazo ndizo za nyumba nyingi za hapa, anachelewa. Ndiyo maana siku 10 za utulivu kwenye maji baridi hazithibitishi kitu.

Hatua ya 4: Wanenepeshe

Kifaranga mwenye njaa ni mfuko mtupu. Siku mbili za mwisho walishe vizuri mara tatu kwa siku, chakula cha punje cha samaki kilichosagwa pamoja na majani ya lengalenga (mchicha) yaliyochemshwa.

Hatua ya 5: Mlo wenyewe

Hakikisha tangi kubwa lina nyuzi 25 hadi 27. Umeme ukiwa umekatika tangu usiku na maji yameshuka chini ya 22, ahirisha. Tumbo lililopoa halisagi, na mlo hutapikwa ukiwa umeoza nusu.

Punguza taa. Chota vifaranga kwa wavu, usimimine maji yao. Kwa mwindaji wa sentimita 25, wawili au watatu, mara mbili kwa wiki. Tumbo liumuke kidogo tu. Baada ya saa moja toa waliobaki, kwani tilapia aliyelala humo hurudi usiku kudonoa mapezi ya mwenyeji wake.

Mkia ukibaki unaning'inia mdomoni, usiuvute. Tilapia humezwa kichwa kwanza, miiba ya mgongo ikilala kuelekea mkiani. Ukimvuta kinyumenyume inasimama yote na kuchana koo. Zima taa, mwache saa moja. Akiwa bado ameachama, mshike kwa kitambaa kilicholowa, laza miiba kwa koleo lenye ncha butu, kata kinachoning'inia, kisha umwache amalize. Kwa kamongo usitumie vidole: meno yake ni mabamba ya kukatia.

Hatua ya 6: Mwachishe

Wiki ya pili, mpe kifaranga aliyeuawa sasa hivi, aliyechomekwa kwa mkia kwenye kijiti chembamba cha mwanzi. Mpitishe mbele ya pua, umtetemeshe, umsimamishe, umtetemeshe tena. Akikataa, toa na usirudie siku hiyo. Mwindaji mzima, mnene, anavumilia siku 5 hadi 7 bila kula. Mdogo chini ya sentimita 10 usimpitishe siku 2. Kamongo hukubali mapema kwa sababu anafuata harufu. Wanaowinda kwa macho ndio wasumbufu.

Wiki ya tatu ingiza sambaza kwenye kijiti kilekile, waliokaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ikifika wiki ya nne, dondosha bila kijiti. Changanya na minyoo ya udongo na vipande vya tilapia.

Vifaranga waliobaki wakuze au uwaue na kuwafukia. Usiwamwage ziwani wala mtoni, wao wala maji yao.